Slaidi za mkutano: andika maandishi, usiandike programu

Nimewahi kumwona mama mtu mzima akishukiwa wizi mbele ya ukumbi mzima, na aliyemshitaki alikuwa ukuta. Ukuta ule ulikuwa umewashwa projekta, na slaidi iliyokuwa juu yake niliileta mimi. Leo nataka nieleze kosa lilitoka wapi, kisha nionyeshe njia nyepesi ya kutengeneza slaidi ambayo kikundi chochote, madrasa yoyote, au chama chochote cha mtaani kinaweza kuifuata bila kumtegemea mtaalamu mmoja.

Kikundi chetu cha akiba hapa Kisauni kilikuwa na wanachama 44 mwaka ule. Kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Tunakopeshana, tunasaidiana kwenye misiba, na ikifika Januari tunasoma hesabu, tunagawana, tunaanza upya. Mweka hazina wetu ni mama aliyeshika kazi hiyo miaka kumi na moja, na hesabu zake zote ziko kwenye daftari la jalada gumu. Mimi ni katibu.

Mwaka uliotangulia, kijana mmoja wa mtaani, hodari wa kompyuta, alitutengenezea slaidi za ripoti. Hakukaa kupanga ukurasa mmoja mmoja kwenye PowerPoint kama wengi wetu tunavyofanya. Aliandika programu kwa lugha ya Python. Ukiiendesha, inatoa slaidi zote kwa mkupuo mmoja. Zilipendeza kwelikweli. Kisha akapata kazi Doha, akaenda zake, akaniachia programu ndani ya flashi.

Mwaka wetu ulipofika, nikajiambia nina diploma yangu, hili halinishindi. Nikafungua ile programu, zaidi ya mistari 200, nikatafuta tarakimu za mwaka jana na kuweka za mwaka huu. Pesa zilizoingia, nikabadilisha: 575,700. Zilizotoka, nikabadilisha: 124,000. Nikaiendesha, slaidi zikatoka, nikafunga laptopu nikalala.

Kesho yake ukumbini, slaidi ya mwisho ikasema kilichobaki ni shilingi 386,200.

Hiyo ilikuwa jumla ya mwaka jana. Kijana alikuwa ameiandika mahali pengine, chini kabisa, mbali na zile tarakimu nilizozibadilisha, na mimi sikuiona. Lakini watu ukumbini hawakujua hayo. Walichofanya ni kutoa hesabu kichwani: 575,700 ukiondoa 124,000 inabaki 451,700. Mzee mmoja akasimama akauliza kwa sauti ya chini, sauti inayouma kuliko ya ukali, shilingi 65,500 zimekwenda wapi. Macho yote yakamgeukia mama.

Daftari lake lilisema 451,700. Alilinyanyua, lakini nani anatazama daftari wakati ukuta unang'aa? Nikampigia kijana simu. Alikuwa zamu, simu imezimwa. Fimbo ya mbali haiuwi nyoka. Ikabidi mama asome daftari lake mstari kwa mstari huku vijana wawili wakijumlisha kwenye simu, na meseji za M-Pesa zikifunguliwa moja moja. Tulimaliza usiku. Hesabu ilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Watu wakamwomba radhi. Yeye akanitazama mimi tu, akasema, "Miaka kumi na moja nashika pesa zenu, mwanangu. Leo ukuta wanitukana."

Tangu siku ile niliamua kutafuta njia nyingine, na ndiyo hii ninayoieleza hapa.

Programu inasema namna, alama inasema nini

Tuanze na tofauti, kwa sababu ndiyo mzizi wa maneno yote. Katika programu ile ya kijana, kuweka sentensi moja kwenye slaidi kulikuwa hivi:

    sanduku = slaidi.shapes.add_textbox(Inches(1), Inches(2), Inches(8), Inches(1))
    sanduku.text_frame.text = "Jumla: 386,200"

Mistari hiyo inaiambia kompyuta namna ya kufanya kazi: tengeneza sanduku, liweke inchi moja kutoka kushoto na inchi mbili kutoka juu, upana wake inchi nane, kisha tia maneno haya ndani. Kwa aliyesoma kazi hiyo, si ngumu. Kwa mweka hazina wetu, ni sawa na kuandikiwa barua kwa lugha ya kigeni halafu jina lake likaachwa katikati.

Sasa mfikirie fundi wa kanzu. Akishapima, huchukua chaki akatia alama kwenye kitambaa: hapa shingo, hapa mkono, hapa pindo. Alama zenyewe si kanzu, na ukishavaa kanzu huzioni. Lakini fundi mwingine akikuta kitambaa kile mezani, anajua akate wapi. Hivyo ndivyo zilivyo lugha za alama. Unaandika maneno yako kama kawaida, unatia alama chache kusema hiki ni kichwa, hii ni orodha, neno hili ni zito. Kazi ya kukata na kushona unaiachia mashine.

Usidhani jambo hili ni geni kwako. Kwenye WhatsApp ukitaka neno linenepe, unaliwekea nyota kila upande. Ukitaka lilale, unaliwekea mstari wa chini kila upande. Hizo ni alama. Umekuwa ukiandika lugha ya alama miaka yote hii bila mtu kukuita mtaalamu.

Zimetoka wapi

Desturi hii ni ya kale kwenye viwanda vya uchapaji, ambako mhariri alitia alama kwa kalamu pembeni mwa mswada ili mpanga herufi ajue kichwa kiwe kikubwa kiasi gani na aya ianze wapi. Mwaka 1969, watu watatu wa kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, waliipeleka fikra hiyo ndani ya kompyuta kwa lugha waliyoiita GML. Kutoka humo ikazaliwa SGML, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986. Tim Berners-Lee alipounda kurasa za mtandao akiwa katika kituo cha CERN kule Geneva, alifuata nyayo hizo kwa lugha ya HTML. Kila ukurasa unaousoma kwenye simu, pamoja na huu, umefika kwako ukiwa na alama hizo.

HTML ina alama nyingi, na kuiandika kwa mkono kunachosha. Kwa hiyo mwaka 2004 Mmarekani John Gruber, akisaidiwa na kijana Aaron Swartz, alitoa lugha nyepesi zaidi inayoitwa Markdown. Nia yake ilikuwa kwamba maandishi yasomeke vizuri hata kabla mashine haijayagusa. Hiyo ndiyo lugha ninayoisifu leo.

Na jambo moja litakushangaza. Faili la PowerPoint la siku hizi, lile linaloishia na .pptx, nalo ndani yake limejaa lugha ya alama. Tangu toleo la mwaka 2007, faili hilo ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili madogo ya alama za XML. Tofauti ni kwamba alama zile ziliandikwa ili mashine izisome, na za Markdown ziliandikwa ili mtu azisome.

Faili lenyewe lilivyo

Hili hapa faili la ripoti ya mkutano ule ule, kama lingeandikwa kwa Markdown. Nimeliita ripoti.md.

    % Ripoti ya Mwaka
    % Kamati ya Kikundi
    % Januari

    # Pesa zilizoingia

    - Akiba ya wanachama: 528,000
    - Faida ya mikopo: 41,300
    - Faini za kuchelewa: 6,400

    # Pesa zilizotoka

    - Misiba na wagonjwa: 98,000
    - Kodi ya ukumbi: 14,000
    - Chai na matumizi madogo: 12,000

    # Kilichobaki

    Mkononi na benki: 451,700

Lisome tena. Je, kuna mahali pamekupotea? Mistari mitatu ya juu yenye alama ya % ni jina la ripoti, mwenye kuitoa, na tarehe. Hiyo hutoka kama slaidi ya kwanza. Kila alama ya # inafungua slaidi mpya na kuipa kichwa. Kistari mwanzoni mwa mstari ni kipengele cha orodha. Nyota mbili kila upande hunenepesha neno. Angalia hapo, kwenye WhatsApp ni nyota moja, huku ni mbili. Ukiweka nyota moja, neno litalala.

Alama nyingine za kukusaidia ni chache. Vistari vitatu au zaidi peke yake kwenye mstari, na nafasi tupu juu na chini yake, vinafungua slaidi mpya isiyo na kichwa. Picha huwekwa hivi: ![Wanachama ukumbini](picha.jpg), na picha yenyewe iwe kwenye folda moja na faili lako. Acha mstari mtupu kabla ya kila kichwa na kabla ya kila orodha. Wanaoanza hukosea sana hapo.

Faili hili unaweza kuliandika kwa kitu chochote kinachoandika maandishi matupu: Notepad kwenye kompyuta, au programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu kwenye simu. Usiliandike kwenye Word, kwa sababu Word hupenda kukuongezea mambo yake: hugeuza vistari, hugeuza alama za kunukuu, na huhifadhi kwa namna isiyo maandishi matupu.

Kutoka maandishi kwenda slaidi

Sasa anahitajika wa kushona. Ninayemtumia mimi ni programu inayoitwa Pandoc. Ilianzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye kazi yake ni kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaipakua mara moja na kuiweka kwenye kompyuta, kwa kazi ya PowerPoint huhitaji intaneti tena.

Pandoc haina vitufe vya kubofya. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unakwenda kwenye folda yenye faili lako, na unaandika mstari mmoja:

    pandoc ripoti.md -o ripoti.pptx

Baada ya sekunde chache unapata faili la PowerPoint ambalo unaweza kulifungua, kulirekebisha na kulionyesha kama lolote lile. Kama kikundi kina rangi zake na nembo yake, tengeneza mara moja faili la PowerPoint lenye sura hiyo, kisha iambie Pandoc iliige:

    pandoc ripoti.md --reference-doc=sura.pptx -o ripoti.pptx

Kuanzia hapo sura imetengana na maneno. Mwenye jicho la urembo anashughulikia sura.pptx, mwenye hesabu anashughulikia ripoti.md, na hakuna anayemharibia mwenzake.

Njia ya pili ni kutoa slaidi zinazofunguka kwenye kivinjari kama Chrome au Firefox. Hizo hutumia kazi ya Msweden Hakim El Hattab iitwayo reveal.js:

    pandoc -s --embed-resources -t revealjs ripoti.md -o ripoti.html

Maneno --embed-resources yana maana kubwa kwetu. Ukiyaacha, faili lako litakwenda kutafuta vipande vyake kwenye intaneti wakati wa kuonyesha, na kama ukumbini hakuna mtandao au bando limekwisha, utabaki unatazama ukurasa uliovurugika. Ukiyaweka, Pandoc inavuta vipande vyote wakati wa kutengeneza na kuvifungia ndani ya faili moja. Fanya kazi hiyo nyumbani mtandao ukiwapo, kisha beba faili kwenye flashi. Kompyuta yoyote yenye kivinjari italifungua.

Njia ya tatu ni ya wanavyuo, hasa wenye hesabu nyingi za kanuni na milinganyo. Inaitwa Beamer, na iliundwa na Mjerumani Till Tantau, aliyeihitaji kwa kutetea shahada yake ya udaktari mwaka 2003:

    pandoc -t beamer ripoti.md -o ripoti.pdf

Inatoa PDF safi, lakini lazima kwanza uwe na LaTeX kwenye kompyuta, na hiyo ni mzigo mkubwa wa kupakua. Kwa kikundi cha mtaani sioni haja yake.

Kuna pia Marp, ambayo inapendeza kwa asiyetaka dirisha jeusi. Unaiongeza ndani ya programu ya kuandikia iitwayo VS Code, na unapoandika upande mmoja, slaidi zinajitokeza upande wa pili. Huko slaidi hutenganishwa kwa vistari vitatu, na faili huanza na mstari unaosema marp: true uliofungwa kwa vistari vitatu juu na chini. Jua tu kwamba faili la PowerPoint linalotolewa na Marp kwa kawaida ni picha za slaidi. Huwezi kubadilisha neno ndani yake. La Pandoc linabadilika.

Neno moja kwa walimu na wazee wanaoandika kwa herufi za Kiarabu, iwe Kiarabu chenyewe au Kiswahili cha zamani. Tumieni njia ya kivinjari. Vivinjari vinajua kuunganisha herufi na kuzisoma kutoka kulia. Njia ya Beamer ikiachwa kama ilivyo itazikataa herufi hizo mpaka uiambie itumie chombo kinachoitwa xelatex na uitajie fonti yenye herufi za Kiarabu.

Maneno ya msemaji

Wengi wetu hujaza slaidi maneno kwa kuogopa kusahau. Markdown ya Pandoc ina mahali pa kuweka yale ambayo msemaji atayaona na ukumbi hautayaona:

    ::: notes
    Eleza kwa nini misaada ya misiba imepanda. Taja miezi, usitaje majina.
    :::

Ukitoa PowerPoint, maneno hayo huingia sehemu ya maelezo ya msemaji chini ya slaidi. Kwenye slaidi za kivinjari hufunguka kwa kubonyeza herufi S, lakini yanaweza kukataa ukitumia lile faili lililofungiwa kila kitu ndani. Ukitegemea maelezo hayo, chagua PowerPoint.

Yasiyowezekana

Sitaki kuuza kitu kwa kuficha kasoro zake.

Kwanza, Markdown haijumlishi. Mtaalamu akisoma kisa changu atasema programu iliyoandikwa vizuri ingetoa 124,000 kwenye 575,700 yenyewe, na kosa lisingetokea. Ni kweli. Katika faili la maandishi, ukiandika jumla ya uongo itatoka jumla ya uongo. Lakini tofauti iko kwenye nani anaweza kuliona kosa kabla ya mkutano. Programu ile ingeweza kukaguliwa na mtu mmoja tu, naye yuko Doha. Faili la ripoti.md linaweza kukaguliwa na kila mwanachama anayejua kusoma.

Pili, maandishi yakizidi slaidi, Pandoc haiyagawi. Yatamwagika chini ya skrini. Dawa ni kuandika vipengele vichache, vinne au vitano, na kufungua slaidi nyingine. Hata hivyo dawa hiyo ingewafaa wasemaji wengi bila kujali wanatumia chombo gani.

Tatu, kama kazi yako ni mpangilio wa picha, hii hapa kulia, ile pale chini, maua pembeni, kama slaidi za harusi, basi PowerPoint ya kawaida na mkono wako itakufaa zaidi. Lugha ya alama inajali maana ya maneno kuliko mahali pa picha.

Nne, programu ina siku yake. Shule ikitaka kutoa ripoti za wanafunzi 300 kutoka kwenye jedwali moja la alama za mtihani, hakuna mwenye akili atakayeziandika kwa mkono. Lakini hata hapo nashauri programu ile itoe mafaili ya Markdown, isitoe slaidi moja kwa moja. Mwalimu akayasoma maandishi, akaridhika, ndipo Pandoc ikashona. Baina ya mashine na ukuta pawe na karatasi ambayo mtu anaweza kuisoma.

Ya nani ripoti hii?

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu naona jambo hili kwenye vikundi vingi vya huku kwetu, si chetu pekee. Tunapompata kijana hodari tunamkabidhi kila kitu. Nywila ya barua pepe anayo yeye, picha za kikundi ziko kwenye simu yake, hesabu ziko kwenye kitu alichokitengeneza yeye. Tunamsifu, naye anastahili sifa. Kisha anapata kazi Ghuba, au Nairobi, au anaoa na hana tena nafasi. Hakuna aliyetudhulumu. Tumejikuta tu tuna mali ambayo ufunguo wake hatuna.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani tatizo letu lilikuwa kukosa daftari, na kumbe tulikuwa nalo, jalada gumu, mwandiko safi. Nilichokifanya ni kuweka mbele yake daftari la pili ambalo mwenye hesabu hawezi kulisoma, halafu nikaliwashia taa likamzidi la kwanza.

Kwa hiyo nikitakiwa ushauri na kikundi chochote, nasema hivi. Andikeni ripoti kwa maandishi matupu yenye alama chache. Faili liwe mikononi mwa watu watatu kwa uchache: katibu, mweka hazina, na mwanachama mmoja asiye na cheo. Litumeni kama fali kwenye WhatsApp, msilibandike kama ujumbe, kwa sababu WhatsApp nayo ina alama zake na itazitafsiri itakavyo. Siku tatu kabla ya mkutano, mweka hazina alisome dhidi ya daftari lake. Akishakubali ndipo mtu yeyote mwenye laptopu aendeshe ule mstari mmoja wa Pandoc. Akiondoka huyo, mwingine atauandika. Ni mstari mmoja, unaweza kuandikwa nyuma ya daftari.

Na yale maandishi yahifadhini. Miaka kumi ijayo huenda PowerPoint ikawa na sura nyingine na projekta ikawa kitu cha makumbusho. Maandishi matupu yatafunguka tu.

Januari iliyofuata nilifanya hivyo hivyo. Nilichukua ripoti.md ya mwaka uliopita, nikabadilisha tarakimu, nikamtumia mama kwenye simu yake siku ya Jumatano. Sikumweleza kitu juu ya alama, niliogopa kumtisha. Jioni akanipigia.

"Mwanangu, hii # ni ya nini?"

"Ni alama ya kichwa cha habari, mama. Usiijali."

"Siijali. Lakini hapa kwa kodi ya ukumbi umeandika elfu kumi na nne. Si kumi na nne tena, yapanda tangu Machi. Ni kumi na tano na mia tano. Wataka nitukanwe tena?"

Nilikuwa nimenakili tarakimu ya mwaka jana, kosa lile lile la mwanzo. Safari hii lilikamatwa kitandani, Jumatano, na mwenye hesabu mwenyewe, akiwa na miwani yake na simu yake. Nilirekebisha mstari mmoja wa kodi na mstari mmoja wa jumla, nikamrudishia, akasoma tena, akasema sawa.

Jumamosi mkutano ulikwisha kabla ya Magharibi. Mama aliomba nimchapishie lile faili, si slaidi, bali yale maandishi yenyewe na alama zake za #. Amelikunja akalitia ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho.